Kaptula Kabla ya Sketi

Vitabu vya ushonaji vinavyotoka Ulaya huiweka kaptula kwenye kurasa za majira ya joto, karibu na mikoba ya ufukweni na kofia za jua, kama nguo ya wiki chache za mwaka. Kisangani kurasa hizo hazina kazi. Mji upo nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, joto la wastani haliendi mbali na nyuzi 25 kuanzia Januari mpaka Desemba, na hakuna mwezi unaopita bila mvua. Anayengoja msimu wa kaptula hapa atangoja msimu ulioanza kabla hajazaliwa. Wavuvi Wagenia wanaokwea magogo yaliyosimikwa kwenye maji ya maporomoko ili kushusha dema zao zenye umbo la pia, mvulana wa shule ya msingi katika bluu na nyeupe yake, kijana anayepeleka abiria kwa toleka, ile baiskeli ya kukodi iliyoubeba mji huu miaka ambayo mafuta yalikuwa hayapatikani: wote hao wanajua kaptula kama nguo ya kazi. Na kwa kuwa ni nguo ya kazi, sura hii inashikilia neno moja ambalo walimu wengi wa cherehani watalikataa. Mtu anayeanza kushona aanze na kaptula, kaptula nzima ya kuvaliwa, kabla ya sketi, kabla ya foronya, kabla ya daftari la vipande vya mishono.

Daftari hilo halikuzuka tu. Mafunzo yanayojulikana kotekote Kongo kwa jina la coupe et couture, ya shuleni na ya vituo vya akina mama, yana mizizi katika elimu ya enzi ya Ubelgiji, pale masista na zile foyers sociaux za mijini walipowafundisha wasichana na wake za wafanyakazi kushona kwa mpango: kwanza mkono, kisha mashine, kwanza mstari ulionyooka, kisha kona, kwanza kipande cha mazoezi, kisha nguo. Mpango huo una akili yake. Mkono usiojua kuongoza kitambaa hautaokolewa na nia njema, na kitambaa ni mali. Lakini kipande cha mazoezi kina kasoro moja isiyotibika: hakivaliwi. Mwalimu anaweza kusema mshono umenyooka, mwanafunzi akaamini, daftari likajaa, na siku ya kushona nguo ya kwanza ikafika bila huyo mtu kuwahi kukosolewa na mwili wa binadamu. Mwili ndio mkosoaji asiyebembelezeka. Unaketi, unainama, unapanda baiskeli, unaruka mfereji wa barabara baada ya mvua, na mahali ulipokosea panajisema penyewe. Nusu siku ya kushona mistari kwenye gazeti bila uzi, ili mguu uzoee kanyagio, inatosha kabisa. Baada ya hapo kila kipande cha mazoezi ni kuahirisha somo.

Atakayetetea sketi atasema: basi aanze na sketi, nayo inavaliwa. Ni kweli, na sketi ya lastiki ni rahisi kuliko kaptula ya lastiki. Ni rahisi kwa sababu ni bomba. Unaunganisha kingo mbili zilizonyooka, unapitisha lastiki juu, unakunja upindo chini, umemaliza, na umbo la mtu wala halikuulizwa. Bomba moja linazunguka mwili uliosimama kama vile mwili huo ni nguzo. Tatizo ni kwamba binadamu ana miguu miwili, na nguo yoyote inayokubali ukweli huo inabidi ijibu swali ambalo sketi haiulizi: mabomba mawili yanakutana vipi? Jibu lake ni mshono wa msamba, ule unaoanzia kiunoni mbele, ukashuka, ukapita katikati ya mapaja na kupanda nyuma mpaka kiunoni tena. Kaptula ina vipande vinne, mishono miwili ya ubavuni, miwili ya ndani ya paja, na huu mmoja. Minne ya kwanza ni mistari ambayo mtoto angeishona. Ugumu wote wa nguo umekusanyika mahali pamoja, urefu wa sentimita 70 hivi, na sioni nguo nyingine ya mwanzo iliyopangika vizuri namna hiyo kwa mwanafunzi. Shati lina ugumu kwenye kola, kwenye kwapa, kwenye kofi, kwenye vifungo. Atakayeliharibu hatajua ameliharibu wapi. Kaptula ikiharibika, mtu anajua pa kutazama.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji cherehani. Mtu afunge kamba kiunoni, apitishe tepu katikati ya mapaja kutoka kamba ya mbele hadi kamba ya nyuma, na asome namba akiwa amesimama. Kisha aketi, halafu ainame kama anayeokota kitu. Tepu itamvuta, na itamvuta nyuma tu, mbele italegea. Makalio yanapotandazika yanadai kitambaa zaidi, na tumbo linapokunjika linarudisha kitambaa lisichokihitaji. Ndiyo maana kipande cha nyuma cha kaptula hakiwezi kuwa nakala ya kipande cha mbele. Aliyekata vipande vinne vinavyofanana, kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya akiachwa peke yake, atapata kaptula inayokaa vizuri kwenye hanga na kuchanika msamba siku ya kwanza kwenye toleka. Mwendesha baiskeli anakaa, anasukuma mguu mmoja chini huku mwingine ukipanda, anafanya hivyo mara maelfu kwa siku, na jasho linalainisha uzi. Ukitaka kujua kama fundi anajua kazi yake, usitazame mfuko wala pasi. Geuza kaptula ndani nje utazame msamba.

Basi tuchore, maana hoja isiyoweza kuchorwa kwenye karatasi ni maneno tu. Tuseme mtu ana nyonga ya sentimita 100 na kiuno cha 84. Akiketi kwenye kiti kigumu, umbali kutoka kiunoni ubavuni hadi kwenye kiti ni 27. Tunaongeza 2 za kupumulia, tunapata kina cha 29. Urefu wa ubavuni anaoutaka, juu kidogo ya goti, ni 50. Karatasi yoyote kubwa inafaa: magazeti yaliyogundishwa, au mfuko wa saruji wa karatasi uliofunguliwa na kupanguswa. Nyonga ukiigawa kwa 4 unapata 25, ongeza 2, upana wa kipande cha mbele ni 27. Shuka 29 kutoka juu, chora mstari wa kulala, na upande wa katikati utokeze mstari huo sentimita 6 nje ya mstatili. Hicho kinachotokeza nitakiita ulimi. Kutoka kiunoni teremka wima mpaka karibu nusu ya njia, kisha pinda taratibu hadi ncha ya ulimi, ukihakikisha mpindo unapita sentimita 3 hivi kutoka kwenye kona. Umechora herufi J. Kwa nyuma anza na upana uleule wa 27, ila ulimi uwe 11 badala ya 6, na mpindo ukae mbali zaidi na kona, sentimita 4 au zaidi kidogo. Halafu fanya jambo ambalo wanaoanza huliona kama kosa la mchapaji: juu kabisa, kwenye kiuno cha nyuma katikati, ingia ndani 2 na panda juu 2 na nusu, ndipo uunganishe na ubavu kwa mstari wa mteremko. Mshono wa nyuma sasa umelala kidogo, na kiuno cha nyuma kimepanda. Zile sentimita 2 na nusu ndizo tepu ilizodai mtu alipoinama.

Msomaji mwenye macho ataona kwamba kwenye mchoro huu mbele na nyuma zinatofautiana mahali pawili tu, kwenye ulimi na kwenye mwinamo wa nyuma. Ataona pia kwamba kiuno chote, kabla lastiki haijakikusanya, kina 104: vipande viwili vya mbele vya 27, viwili vya nyuma vya 25. Nyonga ya 100 inapita. Kama isingepita, nguo isingevalika hata lastiki ingekuwa laini vipi, na wako waliogundua hilo baada ya kushona. Baada ya hapo ongeza akiba ya mshono sentimita 1 na nusu pande zote, 4 na nusu juu kwa njia ya lastiki, 4 chini kwa upindo. Kila kipande kina urefu wa 58 na nusu, ukiacha ile nyongeza ndogo ya nyuma.

Namba hizi zinaelekea moja kwa moja sokoni, na hapo Kisangani ina bahati. Kitenge, ambacho wengine mjini watakiita pagne na wengine liputa, huuzwa kwa vipande vya yadi 6, nusu yake yadi 3, na kipande kimoja cha yadi 2 ndicho kinachofungwa kiunoni na akina mama. Yadi 2 ni sentimita 183, na upana huwa kama 115. Ukikikunja kitambaa kwa urefu unapata upana wa 57 hivi. Kipande cha nyuma pamoja na ulimi na akiba kinakula 41, cha mbele 36. Vikilazwa kimoja juu ya kingine vinachukua kama sentimita 120 za urefu. Pagne moja inatoa kaptula ya mtu mzima na kubakiza. Tena ni pamba, na pamba katika sehemu hii ya Kongo ina historia ndefu na chungu: kuanzia 1917 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuilima, na Uele, kaskazini mwa Kisangani, ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Baadaye, katika miaka ya Mobutu, mji wenyewe ulipata kiwanda cha nguo, SOTEXKI, kilichosokota, kufuma na kuchapa vitenge hapahapa. Leo kitambaa kingi kwenye meza za soko kuu la Makiso kimetoka mbali, kwa mto kutoka Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,700, au kwa barabara kutoka mashariki. Fundi anayekata kitambaa kilichosafiri hivyo ana haki ya kuogopa mkasi.

Hofu hiyo ndiyo pingamizi zito kuliko yote: mwanafunzi ataharibu kitambaa. Ila tukiangalia kitambaa huharibikaje hasa, mara nyingi si kwa mshono mbaya. Mshono mbaya unafumuliwa. Kitambaa huharibika kwa mambo mawili yanayotokea kabla ya mshono, na yote mawili yanazuilika bila ufundi wowote. La kwanza ni kukata kabla ya kufua. Kitenge kipya hubeba wanga na gundi za kiwandani, na kikifuliwa mara ya kwanza kinaweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Asilimia 5 ya kina cha 29 ni sentimita 1 na nusu, karibu robo tatu ya zile 2 tulizoongeza za kupumulia. Kaptula iliyokuwa sawa Jumamosi inabana Jumatatu, na mwanafunzi analaumu mchoro wake. Loweka, fua kwa sabuni, anika, piga pasi, ndipo ukate. La pili ni kukata miguu miwili ya upande mmoja, kosa la anayelaza karatasi mara mbili kwenye kitambaa kisichokunjwa bila kuigeuza. Hapo tofauti ya wax na fancy inaacha kuwa suala la heshima na bei tu. Wax halisi imepenya rangi pande zote mbili, uso na mgongo havitofautiani sana, hivyo mguu uliokosewa unageuzwa tu na kazi inaendelea. Fancy imechapwa uso peke yake. Kosa hilohilo linakupa mguu mmoja wenye maua na mwingine uliopauka. Atakayekata kitambaa kikiwa kimekunjwa, uso kwa uso, hataliona kosa hilo kamwe, ila kama michoro ina kichwa na miguu, ndege kwa mfano, ahakikishe vipande vyote vinaelekea juu. Ndege wanaoning'inia kichwa chini kwenye goti hawafumuliki.

Wapo watakaosema polyesta ni bora kwa anayeanza: hairudi ikifuliwa, haikunjamani, na mara nyingi bei yake iko chini. Yote ni kweli. Lakini tuirudie hali ya hewa tuliyoanza nayo. Katika vipimo vya kawaida vya maabara ya nguo, pamba hushika unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake, polyesta chini ya nusu asilimia. Katika mji ambao hewa yenyewe ina maji, jasho lisilonyweka na kitambaa linabaki kwenye ngozi, na sehemu ya kwanza kulipa ni ileile ya msamba, ambapo ngozi inasuguana na ngozi. Na kwa mkono wa mwanafunzi polyesta ina lingine: inateleza chini ya sindano, haikubali kukunjwa kwa pasi, na ukiizidishia moto inang'aa au inayeyuka. Pasi ya mkaa haina kidhibiti joto zaidi ya ulimi wa fundi na tone la maji. Pamba inavumilia makosa ya pasi hiyo; polyesta haivumilii.

Tukisha kukata, bado somo la msamba halijaisha, kwa maana kitambaa nacho kina maoni yake. Nyuzi za mtande zinazokwenda na urefu hazivutiki. Za mshindio zinazokwenda na upana zinavutika kidogo. Lakini ukivuta hanamu, kwa mshazari kati ya hizo mbili, kitambaa chochote kilichofumwa kinarefuka kama kwamba ni cha aina nyingine. Sasa angalia ile J. Sehemu yake ya juu inafuata mtande. Ncha ya ulimi inakaribia mshindio. Katikati, kwenye mpindo, ni hanamu tupu. Mchoro wenyewe umeweka sehemu inayovutika mahali ambapo mwili unavuta, na hiyo ndiyo sababu kipande lazima kilazwe sawasawa na ukingo wa kitambaa, si kuzungushwa kidogo ili kubana nafasi. Lakini hanamu inayovutika imeshonwa kwa uzi usiovutika, na hapo ndipo penye mapambano. Mshono mrefu uliokazwa hukatika kitambaa kikivutwa. Mshono mfupi, wa milimita 2 hadi 2 na nusu, una uzi mwingi zaidi katika kila sentimita na unafuata mvuto. Uzi uwe wa polyesta hata kama nguo ni ya pamba, kwa kuwa uzi wa pamba katika jasho la kila siku unaoza mapema. (Naona ubishi unaokuja: nimeikataza polyesta kwenye kitambaa nikaikaribisha kwenye uzi. Ndiyo. Uzi haugusi ngozi kwa kiasi cha kuudhi mtu.)

Utaratibu wa kushona ni mfupi kuliko maelezo yake. Shona ubavu wa kila mguu, kisha ndani ya paja, upate mabomba mawili. Bila mashine ya ovaloki, na mashine ya kanyagio haijui zaidi ya mstari, mishono hii minne iliyonyooka inafichwa kwa kushonwa mara mbili: kwanza mgongo kwa mgongo kwa milimita 6, punguza nyuzi zinazotokeza, geuza, kisha uso kwa uso kwa milimita 9, na kingo zimefungiwa ndani. Sasa geuza mguu mmoja uso nje, uuingize ndani ya mwingine ulio mgongo nje, uso ukitazamana na uso. Linganisha kwanza mishono ya ndani ya paja, ubane pini hapo, kisha kiuno cha mbele, kisha cha nyuma. Mbele ya macho kuna herufi U. Anza kiunoni, shuka, zunguka, panda, usiinue mguu wa mashine njiani. Ukifika kwenye mpindo punguza kasi, na usivute kitambaa kwa nyuma hata kidogo. Kivutwe na meno ya mashine, maana hanamu iliyovutwa wakati wa kushonwa itabaki na mawimbi. Rudia mshono wa pili milimita 3 kutoka wa kwanza, ndani ya akiba. Ndipo upunguze akiba kwenye mpindo peke yake mpaka milimita 7 na kuzungushia uzi wa mkono ukingoni. Aliyefanya hivyo mara moja ameelewa suruali, bwelasuti na pajama, ambazo zote ni U hii hii na nyongeza zake.

Kuhusu mashine yenyewe, hakuna haja ya kungoja umeme. Gridi ya mji inategemea maporomoko ya mto Tshopo, na kila mkazi anajua kukatika kwake. Kanyagio la mguu na gurudumu la mkono ni walimu wazuri kuliko mota, kwa sababu vinaruhusu kushona pigo moja kwa wakati kwenye mpindo. Mota inayoanza kwa kuruka imewavunja moyo wanafunzi wengi kuliko mpindo wenyewe.

Mafundi waliosomea watabaki na dharau yao kwa lastiki. Kwao kaptula ya kweli ina mkanda, zipu, vishikio vya ukanda, na hii ya lastiki ni pajama iliyokatwa. Wana haki kwa upande wa cheo. Kwa upande wa kufundisha hawana. Zipu ni somo la zipu. Haibadilishi hata milimita moja ya msamba, ila inampa mwanafunzi sababu ya kuacha kazi kabla hajafika huko. Lastiki nayo si ya kubahatisha: kwa kiuno cha 84 kata 78 na 2 za kupandishia, upana wa 3, na baada ya kuipitisha kwa pini kubwa, gawa mkusanyiko sawasawa kisha shona wima juu ya lastiki kwenye mishono ya ubavuni na ya katikati, isijikunje ndani ya njia yake. Lastiki inayojikunja baada ya kufuliwa ndiyo iliyoipa kaptula hii jina baya.

Dharau nyingine ni ya zamani zaidi na haitoki kwa mafundi. Kwa wazee, kaptula ina harufu ya utumishi: askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, alivishwa kaptula, boi wa nyumbani alivishwa kaptula, na mtu mzima aliyetaka kuonekana mtu alitafuta suruali. Sitaki kuipuuza kumbukumbu hiyo. Lakini nchi hiihii ilishuhudia suti na tai vikipigwa marufuku katika miaka ya 1970 na wanaume wa heshima wakivaa abacost, kisha, baada ya hotuba ya Mobutu ya Aprili 24, 1990, tai zikarudi kana kwamba hazijawahi kuondoka. Heshima ya nguo inatolewa na kuchukuliwa na watawala na mitindo. Mpindo wa msamba haukubadilika katika miaka yote hiyo.

Limebaki pingamizi la mitumba, ambalo ni la mfuko, na kwa hiyo ndilo linalosemwa zaidi. Kwa nini kushona kaptula wakati marobota yanafunguliwa sokoni na kaptula iliyotoka Ulaya au Asia inauzwa chini ya bei ya pagne? Kama lengo ni kufunika mapaja tu, sina jibu, na sidhani mtu anayesema ana jibu anasema ukweli. Ushonaji wa nyumbani mara nyingi haushindi mitumba kwa bei. Lakini mitumba haifundishi, isipokuwa ukiifumua. Kaptula moja iliyochakaa, ikifumuliwa mishono yote kwa wembe na kupigwa pasi, ni kitabu: utaona ulimi wa nyuma ulivyo mrefu kuliko wa mbele, utaona kiuno cha nyuma kilivyopanda, kana kwamba aliyeikata alisoma aya zilizotangulia. Usiichukue tu kama patroni bila kupima, maana hanamu ya msamba wake imekwisha kuvutwa na mtu mwingine kwa miaka, na utakuwa unakata umbo la makalio yake.

Kaptula ya kwanza ikishavaliwa, mwili unaanza kuandika maoni yake kwenye kitambaa, na mwanafunzi inabidi ajue kuyasoma. Mikunjo inayoanzia msamba na kupanda kwa mshazari kuelekea nyonga, kama masharubu ya paka, inasema ulimi ni mfupi. Ongeza sentimita 1 kwenye karatasi, mbele au nyuma kulingana na mahali mikunjo ilipo. Kiuno cha nyuma kikishuka kila ukiketi, kipandishe sentimita nyingine. Kitambaa kikining'inia chini ya makalio kama mfuko mtupu ukiwa umesimama, kina ni kirefu mno au mwinamo wa nyuma umezidi. Sahihisha jambo moja kwa wakati, la sivyo hutajua ni lipi lililotibu.

Na kwa kaptula ya pili kitambaa kipo tayari. Kwenye ile pagne, baada ya kufuliwa na kukatwa, kumebaki kama sentimita 55 za urefu kwa upana wote, kiasi kinachotosha mtoto wa miaka 4. Wengi huchukua karatasi ya mtu mzima na kuipunguza pande zote. Haifai. Mtoto wa umri huo ana tumbo mbele na kiuno kinachokaribia kulingana na nyonga, hivyo mwinamo wa nyuma unapungua mpaka sentimita 1 tu, na kina chake, kulingana na urefu wa mguu, ni kikubwa kuliko cha baba yake, kwa kuwa anachuchumaa siku nzima. Mweke kwenye kiti kigumu, kama atakubali kutulia, na anza kupima upya.